Sevisi Sita za Kulipia Kabla

Hallock, Minnesota
9 Machi 2018

Kwako mwanangu Brent,

Salamu nyingi. Natumaini kile kikohozi ulichokuwa nacho siku ile kimekwisha. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo linanikumbusha umri wangu kila nikipanda ngazi. Theluji bado imefika usawa wa dirisha la jikoni.

Gari uliloniuzia limefika salama. Ni zuri, na kiti chake kinapata joto chenyewe. Marehemu baba yako angelicheka jambo hilo mpaka akakaa chini. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nakusikia nusu nusu, na ile nusu ninayoisikia huwa ni "Mama, nina mteja."

Sasa turudi kwenye ule mpango wa sevisi ulioniuliza mezani kwako. Nilikwambia hapana kwa sababu nyuma yangu walikuwepo watu wanangoja, nawe ulikuwa umevaa tai, nikaona haya kukuuliza maswali ya kimama. Hebu nieleze vizuri. Mtu analipa leo dola mia tisa, halafu kwa miaka mitatu anabadilishiwa oili na filta na kuzungushiwa matairi, ya mbele kwenda nyuma. Sevisi sita, na lazima alete gari hapo hapo Fargo kwenye yadi yenu ya magari. Ndivyo? Kutoka hapa ni zaidi ya saa mbili, na gari langu linaenda kanisani, dukani na kwenye karata za Jumatano, basi.

Unajua Verlyn jirani ndiye anayenibadilishia oili kwenye banda lake tangu baba yako afariki. Malipo yake ni keki ya tufaha. Nilipomtajia bei yenu alicheka sana. "Arlys," akasema, "walikuwa wanatafuta mjinga, wakamkuta ameshakaa kwenye kiti." Nikamwambia aliyemkalisha ni mwanangu, akaomba keki nyingine.

Niambie wewe, tena uniambie kama mwanangu, si kama mtu wa yadi.

Mama yako

*

Fargo, North Dakota
14 Machi 2018

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha, kazi ndiyo haiishi. Usishangae karatasi hii kuwa na nembo ya yadi juu, ndiyo iliyokuwa karibu.

Nakujibu kama mwanao. Mpango huu ni mzuri. Bei za sevisi zinapanda kila mwaka, lakini wewe yako inabaki palepale hata dunia ikipinduka. Gari linatazamwa na mafundi waliosomea aina hiyo, si Verlyn na taa yake ya mkononi. Simsemi vibaya, ni mtu mwema, lakini magari ya siku hizi si kama trekta la baba. Nawe hutakuwa na wasiwasi. Mtu wa umri wako anahitaji kukaa bila wasiwasi.

Na nikwambie jambo ambalo siwaambii wateja wengine. Kila utakapoleta gari, mimi nawe tutakwenda kula chakula cha mchana. Kuna mahali karibu na hapa wanapika mipira ya nyama karibu ifanane na yako. Gari linafanyiwa kazi, sisi tunakula. Mara mbili kwa mwaka kwa hakika, badala ya hivi tunavyoonana mazikoni tu.

Kwa hiyo nakuuliza tena, Mama. Nikuandikishe?

Mwanao, Brent

*

Hallock
18 Machi 2018

Mwanangu Brent,

Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili. Goti liko vilevile, nashukuru kwa kutoliulizia.

Nimepiga hesabu na Verlyn mezani jikoni. Kwa mwendo wangu huu, hizo sevisi sita hazitafidia hata nusu ya pesa yenu. Halafu mara mbili kwa mwaka niendeshe kwenye barabara ya barafu kufuata oili, wakati oili iko kwenye banda la jirani! Hapana, mwanangu. Ahsante. Usijisumbue.

Hapa hakuna jipya ila mchungaji wetu mpya, yule wa California. Jumapili alitukaribisha akina mama nyumbani kwake baada ya ibada. Akauliza kama tungependa kahawa. Tukasema hapana, usijisumbue. Basi yule bwana akachukua birika akalirudisha jikoni! Tulibaki tunatazamana, koo kavu, keki mkononi. Phyllis alikaribia kulia. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba huku hapana mbili za kwanza ni adabu tu. Mtu anakuuliza mara ya tatu ndipo unajua anakutaka kweli, nawe unapokea. Tutamfundisha taratibu.

Hiyo mipira ya nyama wanaitia nini?

Mama yako

*

Fargo
21 Machi 2018

Mama,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, mwisho wa mwezi unakaribia na bosi anazungukazunguka.

Nimecheka sana habari ya mchungaji. Basi, hii ni mara ya tatu nakuuliza, nawe unajua maana yake. Nataka uje. Chukua mpango huu, Mama, utufanye tuonane. Ukiweza, hundi ifike kabla ya tarehe thelathini.

Mwanao, Brent

*

Hallock
24 Machi 2018

Mwanangu mpenzi,

Mungu akuweke. Hundi ni hii humu ndani, nimeibana na karatasi ili isidondoke.

Verlyn ananiambia nimeingia mkenge. Nimemjibu kwamba yeye anahesabu oili, mimi nahesabu chakula cha mchana. Mara sita kukaa meza moja na mwanangu, hiyo ni bei rahisi. Nimekwishaandika kwenye kalenda ya ukutani, Oktoba, kwa kalamu nyekundu.

Nitakuja na bakuli la viazi na nyama ya kusaga, lile lenye mkate juu unalolipenda. Ile mipira ya wenyewe tutaila siku nyingine.

Mama yako akupendaye

*

Hallock
13 Oktoba 2018

Mwanangu Brent,

Nakusalimu, na natumaini ulipata kula hatimaye.

Nilifika nyumbani salama kabla ya giza. Gari linanguruma vizuri. Usione vibaya kwamba tulionana wima tu pale mlangoni. Niliona mwenyewe yule mzee na mkewe waliokuwa mezani kwako, na mtu hawezi kuwaacha wateja na kalamu mkononi. Nilikaa kwenye kile chumba cha kungojea, kina viti vizuri na televisheni inayoonyesha mapishi kutwa. Uliponiambia, "Mama, dakika kumi tu," nilisema usijisumbue. Nawe hukujisumbua.

Bakuli nililiacha kwenye friji yenu ya wafanyakazi. Ni lile la bluu la bibi yako, tafadhali lisipotee.

Kwa kuwa hukunijibu tangu Machi, sijui kama barua zangu zinakufikia au zinaishia kwa bosi wako. Tutakula Aprili.

Mama yako

*

Fargo
2 Novemba 2018

Mama,

Shikamoo, na samahani sana. Siku ile ilikuwa ya wazimu. Bakuli lilipendwa na wote, walilimaliza kabla sijafika kwenye friji! Aprili nitaomba ruhusa mapema, nakuahidi. Utunze goti.

Brent

*

Hallock
17 Aprili 2019

Brent,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Phoenix.

Anwani nimepewa na Jolene, yule binti wa mapokezi wa yadi yako ya zamani. Nilifika jana na gari kwa sevisi ya pili. Nilikuwa nimevaa lile koti la kijani, na begani nina mfuko wa keki. Nikamwambia naomba aniitie mwanangu, Brent Tollefson. Binti akanitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka kitu kizito. Akasema, "Mama, Brent aliondoka Februari."

Nikasema, "Ndiyo, ndiyo, nimesahau, uzee huu." Nilimdanganya binti wa watu ili asijue kwamba mwanangu amehamia upande mwingine wa nchi bila kuniambia. Nilikasirika baadaye, barabarani. Pale nilikuwa na aibu tu.

Kwa kunifariji akanionyesha picha yako ukutani, bado ipo, umeshika kikombe cha ushindi. Akaniambia ulikuwa hodari wa kuuza hiyo mipango kuliko yeyote, na kwamba mteja akisitasita ulikuwa unamwambia, "Hata mama yangu mzazi nimemuuzia." Alisema wote walikuwa wakinunua baada ya hapo. Alidhani nitafurahi.

Nimekaa na neno hilo usiku kucha na leo mchana. Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, Brent. Kununua nilinunua mwenyewe, hukunishika mkono, na hesabu nilikuwa nimeipiga. Lakini ile mara ya tatu uliitumia ukijua ni nini. Yule mchungaji wa California hajui. Wewe ulilelewa nayo jikoni kwangu.

Keki nimempa Jolene. Bakuli la bluu halijulikani liliko.

Mama yako

*

Phoenix, Arizona
20 Mei 2019

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Nilitaka kukuambia nikishatulia. Yadi ya huku ni kubwa mara tatu ya ile, na kila kitu kilitokea haraka. Kuhusu yale maneno ya wateja, Mama, ni maneno ya mezani tu, kila muuzaji ana yake. Sikumaanisha ubaya. Na haikuwa uongo, nilikuwa nimekuuzia kweli.

Kuhusu mpango wako, huku haukubaliwi, ni wa yadi ile pekee. Unaweza kuuvunja wakurudishie za sevisi zilizobaki, ukatwe ada kidogo. Ukitaka, nitakuonyesha cha kuwaandikia.

Njoo Krismasi. Huku hakuna theluji, watu wanakula nje. Nina chumba cha wageni ambacho hakijalaliwa na mtu. Niambie.

Mwanao, Brent

*

Hallock
3 Juni 2019

Mwanangu Brent,

Salamu. Hapa ni kijani mpaka macho yanauma, na mbu wamerudi kudai chao. Mimi ni mzima. Goti nalo linapenda joto, daktari anasema lingefaa kupata joto zaidi wakati wa baridi.

Nashukuru kwa mwaliko wa Krismasi. Safari ni ndefu na wewe una kazi nyingi. Hapana, mwanangu, usijisumbue.

Ni kweli watu huko wanavaa mikono mifupi mwezi wa Desemba? Phyllis anabisha. Aliwahi kupanda ndege kutoka Fargo na anasema si jambo la kutisha, unakaa tu. Hicho chumba cha wageni kina dirisha linalotazama wapi?

Mpango sitauvunja. Nimeulipia, nitautumia.

Mama yako

*

Phoenix
11 Julai 2019

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia uko salama.

Nimekuelewa kuhusu Krismasi. Umesema nisijisumbue, basi sitajisumbua. Ni kweli safari ni ndefu kwa mtu wa umri wako, na nisingependa upate taabu. Kile chumba nimempangisha jamaa wa kazini, kinasaidia kodi. Mwaka mwingine labda.

Mikono mifupi, ndiyo, hata siku ya Krismasi yenyewe.

Brent

*

Hallock
8 Novemba 2019

Brent,

Nakusalimu. Mimi ni mzima, na nimeanza tena kuchomeka gari kwenye umeme usiku ili injini isigande na asubuhi liwake.

Sikukujibu mapema kwa sababu nilikuwa na kazi ya kurudisha sanduku la safari darini. Nilikuwa nimelishusha Juni, siku ileile niliyotia barua yangu posta, nikalifuta vumbi, nikaliweka juu ya kitanda chako cha zamani. Ndani nilikwishatia magauni mawili ya mikono mifupi, ambayo nilimwomba Phyllis anichagulie kwa sababu mimi sijui watu wa joto wanavaaje. Kulishusha nilisaidiwa na Verlyn. Kulirudisha nimelirudisha mwenyewe, polepole, ili asiniulize.

Ulipokuwa na haja ya pesa ulikumbuka kuuliza mara tatu. Ulipokuwa unanitaka mimi, uliniuliza mara moja. Sina hasira tena, nasema nilichokiona.

Jana nilipeleka gari Fargo, sevisi ya tatu. Verlyn ananiona mwendawazimu, kwenda mbali hivyo na hakuna mtu wa kumwona. Zimebaki tatu na nitazimaliza zote. Jolene alinikuta kwenye kile chumba chenye televisheni. Akaniuliza kama ningependa kahawa, nikasema hapana, usijisumbue. Akaenda, akarudi, akaniuliza tena, nikasema hapana, mwanangu, niko sawa. Akashughulika na simu zake. Kisha akaja akasimama mbele yangu, kikombe tayari mkononi, akasema, "Mama Tollefson, una hakika kweli?"

Ilikuwa kahawa mbaya, ya mashine. Niliinywa yote.

Mama yako