Tofauti ya Mia Tisa

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana najua magoti yako na meza ya pasi hayaelewani tena. Shemeji hajambo? Na wajukuu? Mimi nipo. Daktari anasema moyo wangu ni kama mfanyakazi anayekaribia kustaafu: kazini unafika, ila unachelewa. Nilipomwuliza umebakiza muda gani, akaanza kupanga mafaili yake mezani. Nikaelewa. Usilie. Miaka sabini na sita si haba, na yapo mengi ya kufurahisha humu kabla ya lile moja lililonifanya nishike kalamu.

Karakana ya baba inakwenda vizuri. Kazi za milango na madirisha zimekuwa nyingi mpaka nyingine zinakataliwa. Lakini unamjua mwanangu anayeiendesha: atakuungia mbao bila msumari, ila ukimtajia kufunga hesabu anakumbuka ghafla kwamba gundi yake inakauka. Leja zote zimeandikwa kwa mkono wangu na vifupisho vyangu, na siku nikifumba macho zitafumba pamoja nami. Ndiyo maana nikaamua, uzee huu huu, kuzihamishia kwenye kompyuta.

Kompyuta yenyewe ni ile kuukuu ya ofisini. Ukiiwasha unaweza kwenda kuoga, ukarudi, bado inafikiri. Nikamwita fundi redio, yule yule aliyekuwa akiitengeneza redio ya baba, sasa ana mvi na anatengeneza kompyuta. Akaifungua, akapuliza vumbi la mbao, akasema mgonjwa huyu hana ugonjwa, amebebeshwa tu mzigo wa vijana. Alishauri tuondoe mfumo ule mzito, tuweke mwingine uitwao Linux, wa aina nyepesi usio na madoido, halafu juu yake programu ya uhasibu, vyote bila malipo. Nikamwambia rahisi huwa ghali, sembuse bure. Akanijibu kwamba hii ni kama kuomba kaa la moto kwa jirani: ukiondoka nalo, jiko lake halizimiki.

Alinakili kwanza mafaili yetu yote, kisha akachomeka flashi na kuiweka hiyo Linux. Nilikaa pale na kikombe changu kama ndugu wa mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji. Ilipowaka, iliwaka kabla sijameza funda la pili. Kuchagua programu ndiko kulikotuchukua siku nne. Ya kwanza ilikuwa na rangi nyingi kama duka la mapazia, ikaifanya mashine ikorome. Ya pili haikuweza kufanya lolote bila intaneti. Ya tatu haikuwa na sura, mistari na safu tu, lakini nilipoandika debiti nikaacha krediti, iligoma kuhifadhi mpaka pande zote mbili zilingane. Nikamwambia fundi: huyu ndiye, tumwajiri. Akasema ana roho mbaya kama yangu, tutaelewana.

Kabla ya kuingiza hesabu za leo, fundi alinishauri niijaribu kwa hesabu za zamani ambazo jibu lake nalijua. Nilikuwa na leja arobaini na tatu za kuchagua. Nikachukua ile ya nusu mwaka uliyopewa na baba uifunge wewe, ulipokuwa na miaka kumi na tisa. Nimeingiza kurasa za daftari lako, ambalo nimelitunza pamoja nayo, moja baada ya nyingine, kama ulivyoziandika. Imenichukua wiki nzima, kwa sababu kila tarakimu naitafuta kwa kidole kimoja. Nilipoomba urari, ukaja papo hapo. Pande zote mbili sawasawa, bila senti kuzidi.

Usidhani mashine ndiyo iliyonifichulia, mdogo wangu. Nilijua tangu zamani.

Unakumbuka kazi yangu ilikuwa kunakili daftari lako kwenye leja kubwa. Baba alipoijumlisha leja, pande zake mbili zikatofautiana kwa mia tisa, na kosa akalihesabu kuwa lako. Ulisimama mbele ya meza yake ukazitaja zile tarakimu zako nne za bei ya mbao mara tatu, na mara ya tatu sauti ikakukatika. Akakwambia, "Chiriku, mdomo wako una kasi kuliko kalamu yako." Ukatoka. Mwezi uliofuata ulikuwa kwa dobi, unapiga pasi mashati ya watu.

Kila mtunza vitabu anajua kwamba tofauti ikigawanyika kwa tisa bila baki, kwanza utafute tarakimu zilizobadilishana nafasi. Nilizitafuta siku ya tatu, nikazikuta. Zilikuwa kwenye mwandiko wangu, si wako. Wewe uliandika sawa. Mimi, kwa haraka ya kunakili, nikaitanguliza ya pili mbele ya kwanza. Nikakwangua kwa wembe, nikaandika upya, nikamwambia baba nimesahihisha makosa ya mtoto. Akanisifu.

Sina kisingizio, sababu tu ninayo. Nilikuwa nimerudi nyumbani na mtoto mgongoni na ndoa imevunjika, na baba alikuwa amekwambia wewe kwamba ukiweza kuifunga ile leja, kiti cha mtunza vitabu ni chako. Bila kiti kile sikuona ningekuwa nani. Nimekikalia tangu siku ile, na miaka yote hiyo nimekusikia ukiwaambia watoto wako kwamba wewe na hesabu ni paka na maji. Nami najua kwamba kwa dobi ulipokea mashati mia mbili kwa siku bila kuandika popote, na hakuna mteja aliyepotelewa hata na soksi.

Juzi nilimweleza mwanangu. Akaweka randa chini, akauliza, "Mama mdogo anajua?" Nikasema hajui. Akaingia ndani akaniletea karatasi.

Ombi langu si kwamba unisamehe, hilo utaamua mwenyewe na sitalipangia siku. Ninaomba uje ukae kwenye kile kiti. Kazi inahitaji mtu, na nguvu za kukuonyesha ninazo bado, saa moja moja, asubuhi. Ukikataa, mwanangu ataajiri mtu mwingine, nami sitakulaumu. Lakini kwenye kompyuta nimekwisha kukufungulia mlango. Jina la mtumiaji ni Chiriku. Neno la siri ni zile tarakimu nne ulizomtajia baba mara tatu. Sikuziandika hapa. Najua hujazisahau.

Msalimie shemeji, wabusu wajukuu, na magoti uyapake ile dawa. Mwanangu anakusalimu; fundi redio naye anauliza kama bado unaongea sana.

Mimi ni dada yako,
Wino