Shamba la Mumosho na Kampuni Mbili

Bukavu, 14 Machi 1993

Kaka yangu Marcellin,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa nyumbani. Kifua chako kimepona? Maman ananiuliza kila nikitoka posta, maana baridi ya huko Ubelgiji, Liège, inamtia hofu kuliko mambo yote ya huku. Sisi ni wazima wa mwili. Mimi nimechoka tu, na barua hii nayo utaiona imechoka.

Ile barua yako ya Oktoba imegeuza nyumba kuwa bunge. Uliomba shamba alilotuachia baba yetu, Papa, kule Mumosho liuzwe, fedha uziweke huko Ulaya katika hisa za kampuni zinazotengeneza puce, vile vidude vidogo vinavyoiendesha kompyuta. Ukataja kampuni mbili zinazoshindana, ukaiachia familia ichague. Kaka, hukujua ulichotutupia. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, Tonton Venant, baba yetu mdogo, anaketi kwenye kiti cha marehemu Papa, binamu yetu Edouard anakaa upande wa pili, na kelele zao nadhani zinafika hadi mtaa wa Nyawera.

Tonton anasimamia kampuni kubwa. Anasema mkubwa ndiye aliyebuni kitu, na aliyebuni hawezi kukosa wateja. Edouard anamjibu kwamba yule mdogo anatengeneza kitu kilekile kwa bei nafuu, na watu hawanunui jina. Tonton anamwita mtoto asiyeijua dunia, Edouard ananuna, chai inapoa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kugusa kompyuta. Siku moja nilithubutu kusema neno, Tonton akaniambia, "Bibiane, ongeza sukari kwanza, ii maneno iko ya wanaume." Nikaongeza sukari.

Maman, yeye, aliuliza mara moja tu kama hao watakaonunua wanajua kwamba Papa amezikwa mule shambani. Wakamwambia asiwe na wasiwasi, ataachiwa njia ya kupita. Kesho yake alichukua jembe akaenda Mumosho kupalilia maharagwe kando ya kaburi, akarudi magoti yamevimba. Nilimkanda kwa maji ya moto.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Mabishano hayo ni mimi niliyekuwa nikiyachochea. Pale chuoni, kwenye maktaba ya institut ninapofanya kazi, tunapokea magazeti ya zamani kutoka Ubelgiji. Kila Tonton alipoanza kulegea, nilimpelekea ukurasa unaoisifu kampuni kubwa. Edouard alipokaribia kukubali, nilimwekea habari za wateja wapya wa ile ndogo. Nilijua wakipatana tu, shamba limekwenda. Sioni aibu kwa hilo, ila kuwasha moto kila wiki na kuwapikia chai juu yake kumenimaliza nguvu.

Jumapili iliyopita wamepatana licha ya hila zangu: nusu huku, nusu kule. Walikumbatiana kama watu waliomaliza vita. Jumatatu wakaenda kwenye ofisi ya ardhi, na huko wakaambiwa kwamba kwa sheria ya familia ya siku hizi mtoto wa kike naye ni mrithi, na bila saini yangu hakuna kinachouzwa. Tonton amekuja na karatasi, mara hii ananiita "mama yangu", na chai hakuomba. Nimemwambia nitakuandikia kwanza.

Basi, kaka, sitatia saini. Sibishani juu ya kampuni hii wala ile. Huenda wewe unaona mbali na tungetajirika sote. Lakini Maman hana mahali pengine pa kwenda kukaa na mumewe. Kama bado unataka kuuza, panda ndege, uje umwambie wewe mwenyewe huku unamtazama machoni. Mimi siwezi, na sitafanya hivyo kwa niaba yako.

Maman anakusalimu sana na anakuombea. Hajui nimeandika nini humu. Watoto wa Edouard nao wanamsalimu tonton wao wa Ulaya. Jitunze, uvae vizuri.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na niliyekukasirikia,

Bibiane