Mate ya Salima

Yaya Zaina, dada yangu mpendwa,

Jana nilimpima mate binti yako Salima, na tangu hapo sina raha. Nakuandikia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumweleza.

Unakumbuka tulivyokucheka hapa mtaani Lubunga? Vita ilikuwa imetupindulia siku. Usiku tulijibanza chini ya kitanda tukisikiliza mabomu ng'ambo ya mto, mchana mtaa mzima ukasinzia. Kwa hiyo ulipolala ukitwanga pondu, yale majani ya muhogo, mchi mkononi, nani angeshtuka? Mimi ndiye niliyekubatiza Malkia wa Godoro. Ulicheka nasi, kisha ukalala tena. Kumbe mbung'o alikuwa amekuuma kule mashambani, njia ya Ubundu.

Timu ya ugonjwa wa malale ilipopita ikakuta wadudu katika damu yako, ikabaki sindano ya kuchota maji ya mgongo. Bila yale maji ya mgongo wauguzi hawakuweza kujua kama ugonjwa umefika kichwani, na dawa ya kichwani ilikuwa kali mno kuitoa kwa kubahatisha. Mgonjwa hushikwa na ndugu yake, nami ndiye niliyekuwepo. Nilikukunja magoti mpaka kifuani, kichwa chako nikakiinamisha. Mtaani walishasema mwanamke aliyechomwa mgongo habebi tena kitunga wala mimba, nawe ulikuwa na Salima tu, bado ananyonya. Sindano ilipogusa ngozi uliniambia polepole, "Uniachilie, mudogo yangu. Niko naogopa."

Nikakuachilia.

Muuguzi hakunigombeza, alisema turudi kesho. Kesho yake mabomu yakaanza asubuhi, mitumbwi ikakatazwa kuvuka, timu ikaondoka na haikurudi. Mama alikulisha kwa kijiko mpaka siku uliyokufa. Hakuna aliyewahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza. Mama alikuwa akiwaambia watu kwamba nina huruma. Huruma gani, yaya? Nilishindwa tu kuyatazama macho yako.

Ndiyo maana nikaenda kusomea kazi ya maabara. Siku hizi tunajaribu kipimo kingine: mtu anatema mate kwenye kichupa, nasi tunatafuta humo vinasaba vya mdudu, hata kama mdudu mwenyewe haonekani kwa darubini. Bado ni majaribio, na sindano haijaachwa kabisa. Lakini mgonjwa hatobolewi popote, wala hahitaji mtu wa kumshika.

Juzi nilimkuta Salima amelala mchana, kichwa mezani. Jana nikamvusha mto hadi maabara. Leo asubuhi majibu yametoka: mate yake ni safi. Ana upungufu wa damu tu, amepewa vidonge. Nimefurahi, yaya, mpaka nikaona haya kwako.

Lakini kinachoninyima raha ni cha jana. Alipomaliza kutema alijifuta mdomo, akakitazama kile kichupa kidogo, akaniuliza mimi mjomba wake, "Tonton, iko hii tu?"

Nikamwambia ni hiyo tu.

Akanipa kichupa. Hakuna aliyewahi kumsimulia vizuri habari zako, na mimi nimekuwa nikimkwepa miaka yote. Kisha akasema, "Na mama, walimupimaka vile vile na mate?"

Nikamjibu ndiyo.

Usiniombee usingizi mwema, yaya, sistahili.

Mdogo wako