Aliyezoea Kuishia Thelathini

Nyumba yenye geti la kijani,
Nyuma ya duka la dawa.
Jumapili asubuhi, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu,

Kwanza uniwie radhi kwa kimya changu kirefu. Hakikutokana na ugonjwa wala hasira. Uliniuliza swali, nami sina desturi ya kujibu swali nisilolichunguza. Nililichunguza, na uchunguzi ukanichukua msimu mzima wa mbio.

Hujambo wewe? Mgongo wako unaendeleaje, kwa huko kushinda umeinama ndani ya mashimo ya lifti za watu? Shemeji yangu naye ameizoea baridi, au bado analala na soksi? Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto hulalamika ninapopanda ngazi, kisha hunyamaza lenyewe kwa kuwa hakuna anayelisikiliza. Dada yetu ni mzima, cherehani yake ni nzima, na ulimi wake ni mzima kuliko vyote.

Uliniuliza kama binti yako anaweza kweli kupambana na wakimbiaji wakubwa wa nchi nyingine, au watu wanakufurahisha tu kwa kuwa wewe ni baba yake. Niliwatazama wengi kwenye televisheni, na baadhi yao nikawaona kwa macho yangu walipokuja mjini kwetu. Nakueleza nilichokiona, bila kutia chumvi.

Wanawake wa ile nchi ya nyanda za juu hukimbia pamoja, kama ndugu waliotumwa dukani. Hupokezana chupa ya maji, na hakuna anayejitenga mapema. Ukiwatazama utadhani hawashindani. Kisha mmoja huondoka bila kuaga, na wenzake hujua papo hapo kwamba undugu umeahirishwa mpaka kesho.

Wale wa visiwani, ambao huajiriwa na viwanda ili wakimbie, wana hatua fupi na za sawasawa, kama mshono wa dada yetu siku akiwa na maneno machache. Hawapiti meza ya maji bila kunywa, na sijamwona hata mmoja akigeuka nyuma. Udhaifu wao ni huu: mwendo ukibadilika ghafla, wao hubaki na ule waliotoka nao nyumbani.

Wa nchi za baridi hukimbia na saa zao za mkononi. Kuna mmoja mrefu, mwenye nywele za mkia mmoja, ambaye aliachwa na kundi lote wala asishtuke. Aliitazama saa yake, akaendelea, na baadaye akawaokota waliomwacha mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeanua nguo mvua inapoanza kudondoka.

Wetu, bila kuwasingizia, huanza kwa hasira na kumaliza kwa hadithi. Mwaka huu nimesikia hadithi ya kiatu, ya upepo, na ya tumbo. Ya tumbo nimeisikia mara nyingi.

Binti yako hayumo katika fungu lolote kati ya hayo, na sababu ni kazi yake. Nakukumbusha kazi hiyo kwa kuwa shemeji aliwahi kuniambia kwenye simu kwamba mwanawe "hushindwa kila mara." Hashindwi. Yeye huajiriwa kuongoza kasi. Hukaa mbele, huwakinga wenzake upepo, na huushika mwendo ulioagizwa mpaka kilomita ya thelathini ya marathoni. Hapo huinua mkono, hutoka pembeni, na wale waliokuwa nyuma yake huenda kugombea ushindi katika zile kumi na mbili na ushee zilizobaki. Watu wa mbio humwita mtu wa kazi hiyo sungura. Yeye wamemwongezea jina la Saa ya Ukutani, maana hakosei mwendo. Wakimbiaji wa nchi zote nilizozitaja wamewahi kushinda kwa kuufuata mgongo wake. Dada yetu husema, "Sungura wa hadithi huwashinda wanyama wote. Huyu wetu huwapisha."

Sasa nikueleze lililotokea mwezi uliopita, kabla hujalisikia kwa wapiga chumvi.

Waandaaji wa mbio za mji wetu walimwandikisha, kwa mara ya kwanza, awe mshindani kamili. Alama ya kilomita ya thelathini iliwekwa pale kwenye kona ya duka la mikate, jirani na meza ya maji ambako dada yetu alijitolea kugawa vikombe. Mimi nilisimama nyuma ya kamba. Walitokea wanne: binti yako mbele, kisha mmoja wa nyanda za juu, mmoja wa visiwani, na yule mrefu mwenye saa. Wale watatu walikuwa wamekunja nyuso. Wako alikuwa anapumua kama mtu aliye kwenye foleni ya benki.

Alipofika kwenye alama, aliinua mkono, akatoka pembeni, akasimama na kushika kiuno. Msimamizi mmoja, naye kwa mazoea, akamtupia taulo mabegani na kumpa hongera.

"Wewe! Unakwenda wapi?" dada yetu alipiga kelele, vikombe mkononi.

"Nimemaliza, shangazi."

"Umemaliza nini? Leo hujatumwa na mtu! Mbio ni zako!"

Aliinama akaitazama namba yake kifuani, namba ya mshindani. "Mama yangu!" akasema. Akavua lile taulo, akamrudishia msimamizi kwa mikono miwili, akamshukuru, ndipo akarudi barabarani palepale alipotokea. Malezi hayo ni yako, na siku ile yaligharimu. Wenzake walikuwa wameshapinda kona.

"Huyu kasahau nini nyumbani?" muuza mikate akauliza, na watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Alimaliza wa nne. Alimaliza akiuona mgongo wa yule mrefu, aliyekuwa wa tatu. Jioni kocha wake alikuja na hesabu zake za "kama asingesimama." Nilimkatiza. Nimefundisha sarufi maisha yangu yote ya kazi, na naiheshimu sentensi ya masharti, lakini haijawahi kumvisha mtu nishani. Nilikubali jambo moja tu, kwa kuwa nililisikia mwenyewe: alifika thelathini akiwaongoza wote watatu, na bado alikuwa na pumzi ya kumjibu shangazi yake bila kukata neno. Basi jibu la swali lako ni ndiyo. Anaweza.

Lakini jibu hilo limezaa jambo jingine, nalo halitaki uchunguzi wangu. Wakala wake amemletea kazi ya misimu miwili: kuongoza kasi katika mji mkubwa wa ng'ambo, kwa ajili ya yule mwanamke wa nyanda za juu. Ni kazi ya uhakika na anaimudu. Chama cha riadha nacho kimemwita kwenye mbio za kuchagua timu ya taifa. Mbio hizo mbili ni siku moja. Wakala anataka hili, kocha anataka lile, na wote wawili hunipigia simu mimi kana kwamba miguu ni yangu.

Juzi nilimkuta uani anaosha viatu kwenye beseni.

"Baba mkubwa," akaniambia, "mpaka thelathini najua kila kitu. Huko mbele sijui hata watu wanaongea nini."

"Hawaongei. Wanahema."

Alicheka, kisha akaacha kusugua. "Na nikitoka tena pembeni? Mbele ya nchi nzima?"

Nilimsogezea ndoo ya maji safi. Siwezi kuidhamini miguu ya mtu mwingine.

Ameniomba nikuulize wewe unasemaje. Nami nakuomba usiseme. Ukimwambia aende ng'ambo, atakwenda; ukimwambia abaki, atabaki, na atakushukuru kwa mikono miwili. Amekimbia mwendo ulioagizwa na wengine tangu aanze kazi hii. Mpigie simu, muulize habari za afya yake, mtanie, kisha ukate. Shemeji umweleze hivyohivyo, ingawa najua itakuwa kazi.

Leo ana mazoezi marefu, umbali wote wa marathoni. Kocha ameipanga njia makusudi, ili kilomita ya thelathini iangukie hapa getini, mbele ya kitanda chake na chai yake, na mwisho uwe uwanjani ng'ambo ya mji. Alipokuwa akifunga kamba za viatu alitwambia kwamba ataamua leo akirudi, na kwamba asiulizwe kabla. Dada yetu alitaka kulifunga geti. Nimemkataza. Liko wazi, na mimi naandika hapa dirishani.

Nisalimie shemeji sana. Wasalimie wajomba wote wawili huko, na yule mkwe wao mpole, kama bado ni mpole. Watoto waambie baba yao mkubwa anataka barua zenye nukta na—

Niliiacha kalamu kidogo. Amepita. Alikuja katikati ya barabara, mwendo wake uleule, na alipokaribia geti aliinua mkono. Dada yetu alijiziba mdomo. Mkono ule ulifuta jasho usoni, ukashuka, naye akapita bila kuitazama nyumba. Tumesimama getini mpaka akapotea nyuma ya duka la dawa. Dada yetu hakusema neno, jambo ambalo umri wangu wote sijalishuhudia.

Chai yake imepoa. Dada yetu ameimwaga na kuinjika nyingine.

Mola awalinde katika kupanda na kushuka kwenu. Akirudi na kusema uamuzi wake, wowote utakaokuwa, nitakuandikia siku hiyohiyo. Safari hii hutaningoja.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye ingawa si msemaji wa hayo,

Baba Mkubwa