Pua ya Mama na Mvinyo wa Mananasi

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumapili, 12 Mei.

Mpendwa kaka,

U mzima huko? Mgongo umepoa, au bado unabeba mizigo kwa ubishi? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, tunashukuru Mungu, ingawa leo kalamu nimeishika kwa moyo mzito.

Ule mvinyo wa mananasi ambao Mama alikuwa akiwatengenezea wageni sasa ni biashara kweli. Chumba chako cha zamani kina mapipa sita ya plastiki. Kitanda kilikwenda wapi, usiulize. Kazi yangu ni kumenya, kuosha chupa na kubishana na wateja. Kazi ya Mama ni pua. Unamjua: anafunua kifuniko, anainama, anafumba macho, anasema "bado" au "tayari". Hakuwahi kukosea, na mimi sijawahi kujua anasikia harufu gani humo.

Basi mwezi uliopita mwenye hoteli akarudisha kreti nzima, eti imekuwa siki. Mimi na mdomo wangu huu! Nilimwambia ameianika juani, sasa anatafuta wa kumlaumu. Mama naye akaniunga mkono, ananusa chupa huku akitikisa kichwa. Mimi sikuonja hata tone. Nani ahangaike kuonja wakati Mama ameshanusa?

Juma lililofuata natoka sokoni, harufu ya maharage yanayoungua ikanipokea getini. Nikaingia mbio. Mama huyo, kakaa jikoni, kaligeuzia jiko mgongo, anamenya nanasi na kuimba. Kaka, nikaepua sufuria. Nikaenda kuonja chupa moja ya ile kreti. Siki tupu, ilinikwaruza koo. Ndipo nikaelewa: tangu yale mafua makali ya mwanzo wa masika Mama hasikii harufu yoyote, na muda wote huo alikuwa akituigizia.

Nilimrudia mwenye hoteli, nikayala matapishi yangu. Yule bwana ni muungwana, akasema atakuja Alhamisi Mama amwonjeshe mwenyewe, na akiridhika atachukua mzigo kila mwezi. Hapo ndipo roho iliponiuma. Nikisema ukweli, namwaibisha Mama mbele ya mgeni. Nikinyamaza, ataelekeza kidole kwenye pipa lolote na kusema "tayari".

Jana uvumilivu ulinishinda. Nikamwambia twende hospitali, pua imekufa. Lo, aliwaka! "Pua hii ndiyo ilikuwa ikinijulisha una homa kabla hujalia, leo unaifundisha kazi?" Akajifungia chumbani hadi chakula kikapoa.

Leo mchana akaniita, akafunga mlango. Nikajua ugomvi unaendelea. Badala yake akanisogezea shingo.

"Ninuse," akasema.

Sikuelewa.

"Ninuse, mwanangu. Nanuka?"

Kumbe anaogopa kunuka bila kujijua, ndiyo maana haendi tena kwa jirani, na kwenye kikao cha kina mama hukaa benchi la nyuma peke yake. Sisi tulidhani ni maringo ya biashara! Nikamnusa, kaka. Ananukia sabuni na nanasi, kama siku zote. Nikamwambia hivyo. Akasema ninuse tena, na nisimwonee haya. Nikalia, naye akalia.

Mwenye hoteli nimemwambia asije. Juma hili tunaenda kwa daktari wa pua. Mapipa yakigeuka siki, na yageuke. Ukipiga simu, biashara usiiulize kabisa.

Shemeji yako anakusalimu, bado anadai umletee ile redio uliyomwahidi. Nisalimie wifi sana, na umbusu kitindamimba wenu mashavu yote mawili. Mungu awafunike kwa rehema zake na akulete nyumbani salama. Na siku ukifika, mkumbatie Mama upesi, kabla hajarudi nyuma.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
Mama Kelele