Matunda ya Mwaridi wa Bibi

Bukoba, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Kasinge, mae. Mimi mzima, mgongo wako unaendeleaje? Gozbert anayeleta ndizi sokoni ameniambia barabara inapanuliwa, na mwaridi wa bibi, ule alioutoa Kashozi, utang'olewa. Tafadhali, chuma matunda yake mekundu yote. Novemba niliyapaka maua yake chavua, ule unga wa ndani ya waridi la kisasa la hapa bustanini kazini, linalochanua mwaka mzima lakini halinuki kitu. Nataka mtoto wao: achanue kila mwezi, ajae petali na anukie kama la bibi. Mbegu zake ni hizo tu. Yatunze yasioze, nakuja Pasaka. Nina furaha mno.

Binti yako,
Renatha

Kamachumu, 12 Machi 2024

Mwana wange,

Nashukuru kwa salamu. Mgongo unauma, lakini jembe linashikika. Mwaridi uling'olewa jana. Matunda nilishayachuma. Yaliyoanza kulainika, kama sita, nimeyatupa migombani. Mazuri nimeyachemsha na majani yetu kama akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, nikayaanika, nikayafunga kwenye jani la mgomba. Hayataoza hata mwaka upite. Mzee Kahangwa wa jirani alipita nikampa moja atafune. Amesema kahawa ni bora.

Mama yako,
Edvina

Bukoba, 15 Machi 2024

Mama,

Umechemsha mbegu. Pasaka sitakuja.

Renatha

Kamachumu, 22 Septemba 2024

Mwana wange,

Hujambo? Miezi sita Gozbert anarudi bila barua yako, nami niliona haya kuandika. Juni nikipalilia nilikuta miche miwili yenye miiba pale nilipotupa yale mabovu. Sikukuambia, nikihofia ikifa nitakuumiza tena. Mmoja ulikufa kweli. Wa pili umechanua leo asubuhi. Petali nimezihesabu, baada ya hamsini nikapotea. Nikainama kunusa, nikainuka, nikainama tena. Renatha, ni harufu ileile ya bibi yako. Nimemwita Kahangwa anuse, nihakikishe sijarukwa akili. Amekataa kuondoka.

Njoo kabla halijapukutika.

Mama yako,
Edvina

Bukoba, 23 Septemba 2024

Kasinge, mae.

Barua hii naileta mwenyewe. Utaisoma nimesimama mbele yako, maana najijua, nikikuona nitalia na maneno yataniishia.

Mche kuchanua na miezi mitatu tu, bila kungoja miaka kama wa bibi, maana yake umerithi na kwa yule wa kisasa. Nimewaambia kazini, wamepiga vigelegele mpaka wateja wakaja kuchungulia.

Nilikunyima salamu miezi sita kwa kosa la kunitii. Nilisema yasioze, ukafanya yasioze. Niliyesomea kilimo ni mimi, na ndimi niliyeshindwa kukueleza. Nisamehe, mama.

Waridi jipya hupewa jina na aliyelitafuta. Mimi nilikuwa nimeshaandika la bibi kwenye kibao. Leo nimelifuta. Litaitwa Edvina.

Mwanao,
Renatha