Mgeni Ambaye Hakuna Aliyeujua Ukoo Wake

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Huku Mgeta hatujambo, kabeji zimeondoka na lori la jana.

Unasema printa umeichomeka, kompyuta inaiona, ila haiongei nayo. Eti kiini cha mfumo hukiuliza kifaa wewe nani, kisha hutafuta draiva, ile programu ya kukisemesha, anayelijua jina hilo. Hayo mimi nayajua tangu ujana, na shule sikuimaliza.

Mchana mmoja wa ukungu mtu alisimama uani kwetu akitetemeka. Zamani kwetu mgeni alipokewa na ukoo wa mama yake. Mjomba akauliza, "Mama yako ukoo gani?" Akautaja. Tukatazamana, hakuna aliyeujua. Sote tulimwona, lakini hakuna aliyemgusa, na baridi ilikuwa inammaliza. Mimi sikuogopa, miguu tu ilirudi nyuma.

Ndipo bibi mmoja jirani, bubu tangu tumjue, akainuka, akasema kwa mara ya kwanza: "Huyo wetu. Njoo, mwanangu." Sauti ilikuwa ya msichana. Mgeni akamfuata ndani.

Printa yako si mbovu, mama. Itafutie draiva anayeijua. Ikianza kuunguruma, usishtuke.

Babu yako